Hadi Kituo cha Sé

Picha ya kwanza: giza tupu.
Nilisahau kutoa kifuniko.
Sekunde thelathini nimesimama wima kama mlinzi wa benki,
nikilinda usiku wa ndani ya kopo.

Ya pili: nyeupe pe,
kana kwamba São Paulo nzima imefunikwa shuka moja.
Tainá, mpwa wangu, alikuwa ameniandikia nyuma ya risiti ya dawa:
Shangazi, tundu dogo. Usiguse. Subiri.
Nikasubiri, sikugusa.
Tundu nililiacha wazi kama mlango wa jirani.

Ya tatu ilitikisika, na hilo si kosa langu.
Lilipita basi, lile refu lenye kiungo katikati,
daraja zima likashtuka chini ya soli zangu.
Miaka kumi na tisa niliuza tiketi chini ya ardhi,
nyuma ya kioo chenye upenyo wa kupitisha sarafu,
hata ilipokuja mashine kukaa kitini pangu.
Sikuwahi kujua kwamba madaraja hupumua.
Nikafunga soksi yenye kilo mbili za maharagwe
katikati ya ile miguu mitatu, itulie.
(Maharagwe ni ya kesho mchana.)

“Unapima barabara?” akauliza kijana mmoja, chupa mkononi.
Napima subira, nikamwambia.
“Ina mita ngapi?”
Akaenda zake bila kungoja jibu.

Manyunyu ya Julai.
Nafuta lenzi kwa upindo wa sweta.
Huko chini magari yanakwenda, magari yanarudi,
upande huu makaa, upande ule maziwa.

Nabonyeza.

Sihesabu moja, mbili, tatu.
Nahesabu vituo, kila kituo pumzi moja:
Jabaquara. Conceição. São Judas.
Saúde, ambapo mwanamke mmoja aliniachia ufunguo wake, hakuurudia.
Praça da Árvore. Santa Cruz. Vila Mariana.
Ana Rosa.
Paraíso, yaani Peponi,
ambapo wengi hushuka ili kubadili treni tu.
Vergueiro. São Joaquim. Liberdade.
Sé.
Tk.

Magari hayamo.
Uzi mwekundu, uzi mweupe, basi.
Kijana wa chupa alipita mbele yangu mara mbili akiimba;
hayumo, wala kivuli chake.
Hamna wapeleka pizza wala mbwa,
hamna wale wapenzi waliogombana hadi ngazini.
Yumo Onofre peke yake, muuza mahindi,
chini ya mwavuli wake, mkavu, kamili,
mvuke wa sufuria umemviringa kama kilemba.

Nikampelekea aone.
Akainamia kioo kidogo, akakunja uso.
“Mkono wangu wa kulia uko wapi?”

Kweli. Bega lipo, mkono wa koti upo,
kisha hewa.

Ulikuwa kazini, nikasema.

Alicheka. Mimi nilichelewa kucheka.
Nilikiona kile kibanda cha kioo:
foleni ya asubuhi imeyeyuka yote,
na nyuma ya kioo mwanamke wa makamo,
uso wake umetulia,
hana vidole.

“Rudia,” akasema Onofre. “Safari hii nitautuliza.”
Akainua sarafu ya chenji juu ya sufuria,
akagandisha mkono hapo.
Jabaquara. Conceição. Mteja anakohoa.
Santa Cruz. “Bwana, chenji yangu.”
Onofre hapepesi jicho. Midomo imefungwa:
“Mm-mm.”
Vila Mariana. “Bwana!”
Tulipofika Paraíso mteja alitema mate, akaondoka.
Tukaendelea hadi Sé.

Picha ya tano ninayo, juu ya friji.
Mkono upo, na kucha zake, na plasta kwenye kidole gumba.
Sarafu inang'aa kupita taa zote za barabarani.
Mbele yake, pale alipokuwa mteja,
pana ukungu wenye viatu.

Hindi lake tuligawana, nusu kwa nusu,
siagi imeshaganda.
Onofre alikula kwa mkono wa kulia,
akiutazama.